Weupe Alioutaka Mageni

Mimi nilitaka rangi ya pichi. Naliweka hilo wazi mapema, maana leo ukiingia nyumbani kwangu hutaona ukuta hata mmoja wa pichi, na sitaki mtu adhani sikusema. Nilisema. Nilisema mpaka koo likakauka.

Nyumba yenyewe ni ndogo: sebule, jiko ambalo watu wawili hawapishani, chumba chetu, na chumba cha mwanangu Masele, aliyekwenda shule ya bweni. Madalali wa hapa Shinyanga wanaiita apatimenti ili kodi ipande. Mwenye nyumba alituruhusu tupake rangi tunayoipenda mradi tununue wenyewe, nami nikajiona mwanamke mwenye bahati.

Kabla sijaenda hata dukani, mume wangu Ignas akapiga simu kutoka Bugarama, anakotengeneza magari ya mgodini. Anataka kijivu.

"Nyumba za wakubwa huku zote ni kijivu, Mama Masele," akasema. "Inapumzisha akili."

"Akili yako ipumzike huko huko. Mimi nashinda saluni nimesimama, vidole vimekufa ganzi kwa kusuka. Nikirudi nataka ukuta unaocheka."

Tukavutana wiki nzima kwa simu. Mwisho tukagawana kama watu wanaogawana mirathi: sebule iwe ya kijivu chepesi, na chini yake mshipi wa rangi ya mafuta, damu ya mzee, ili uchafu wa viatu usionekane. Jikoni krimu. Chumbani kwetu pichi yangu. Chumba cha Masele kisubiri. Nikanunua makopo, nikamwita fundi Nassibu, nikadhani yamekwisha.

Ndipo akaja mama.

Mama yangu anaitwa Mageni, ni mkulima wa pamba upande wa Samuye. Amekuwa mjane tangu mimi niko darasa la nne, na sisi sote tumesomeshwa na pamba yake. Kijijini kwetu hakuna asiyemjua kwa jambo moja: kuchambua. Pamba ikishachumwa hutenganishwa mafungu mawili. Ile nyeupe, isiyo na doa wala jani, ni safi. Ile iliyofubaa, yenye umanjano na takataka, ni fifi, na bei yake ni ya kusikitisha. Mama alikuwa anakaa kwenye turubai, miguu ameinyoosha, mikono inaruka, safi huku, fifi kule, na karani wa mizani alikuwa anapokea gunia lake bila kulifungua. "Hilo la Mageni?" anauliza. "Pandisha." Hakuna mwanamke mwingine aliyepewa heshima hiyo, na mama alijua.

Shida ni kwamba hakuishia kwenye pamba. Alichambua maharage, akachambua marafiki zangu, akachambua wanaume walionichumbia. Wawili aliwaita fifi wakiwa bado wamekaa kwenye viti. Ignas alipita kwa taabu, kwa sababu ni mtu wa Ngara na mama hakuwa na uzoefu wa zao la huko.

Sasa macho yakaanza kumharibikia. Ukungu. Alikataa kuliita jina lake, akasema ni vumbi. Siku moja alimwamkia ndama wa jirani kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akasimama kusubiri kuitikiwa, na ndama alipokaa kimya mama akaenda kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Nilipomleta mjini kupimwa, daktari akaniambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kushoto limeiva kiasi kwamba tukichelewa sana linaweza kupotea kabisa. Madaktari wa upasuaji wangekuja Jumatatu ya wiki iliyofuata. Baada ya upasuaji angehitaji mtu wa kumtilia dawa jichoni kutwa mara kadhaa, mbali na moshi na vumbi la zizi. Yaani kwangu.

"Mbali sioni, karibu naona," akamjibu daktari. "Pamba haiko mbali. Iko mkononi."

Nikambembeleza njia nzima. Tulipofika nyumbani akasimama nje ya baraza na kikapu chake, akakataa kupanda.

"Hapa ni kwa mkwe."

"Mama, Ignas yuko Bugarama."

"Yeye yuko Bugarama. Bati lake liko hapa."

Wanaoshika mila kama mama hawachezi na jambo hili. Mama mkwe hamshiki mkono mkwewe, hali naye chakula, na wala halali chini ya paa lake. Ni heshima, na inakwenda pande zote mbili. Ignas ilimchukua miaka kuielewa. Mara ya kwanza alimkimbilia mama amkumbatie, kama wanavyofanya kwao, na mama akarudi nyuma hadi akaangusha dumu la maji. Siku hizi akikaribia mahali alipo mama anakohoa kwanza, mama apate nafasi ya kujitenga. Anakohoa vizuri siku hizi, hata majirani wanamsifu.

Usiku ule mama akalala mtaa wa Ngokolo kwa Sesilia, rafiki yake wa kanisani, mwenye wajukuu wengi na jiko la kuni. Hapo hapakuwa mahali pa jicho lililopasuliwa. Asubuhi akarudi, akazunguka nyumba yangu kwa nje akipapasa ukuta kwa mkono, akafika kwenye chumba cha Masele. Kile chumba kina milango miwili, mmoja wa sebuleni na mwingine wa uani, karibu na choo cha wapangaji wa nyuma.

"Huu wa ndani ufungwe, uweke kabati," akasema. "Nitapita uani. Halafu upake rangi nyingine, isiwe ya mkwe. Nyumba mbili hazipakwi rangi moja. Anayepita ajue huku ni kwa Ignas, huku ni kwa Mageni. Hapo nitalala, na Jumatatu nitakwenda kwa huyo daktari wako."

Mnaona? Nilikuwa na jibu mkononi. Jicho la mama yangu lilikuwa limening'inia kwenye kopo la rangi, na mimi nikafurahi, nikasema hili ni dogo.

"Rangi gani, mama?"

"Nyeupe. Safi."

Nassibu alikuwa anamalizia sebule. Ni kijana wa Kiislamu, mpole, mzaliwa wa mjini hapa, na kofia yake ya darizi haimwagikiwi rangi hata siku moja, sijui anafanyaje. Akaacha sebule, akapiga msasa chumba cha Masele, akaziba nyufa, akapaka ofwaiti mkono wa kwanza na wa pili. Kikapendeza. Mama akaletwa kutoka Ngokolo na bajaji. Akasogeza uso hadi pua ikakaribia ukuta.

"Fifi," akasema.

"Shikamoo mama," Nassibu akaanza upya, akidhani labda kosa lilikuwa la adabu.

"Marahaba, mwanangu. Umepaka fifi."

Sawa. Ofwaiti si nyeupe kamili, hata mimi najua. Tukanunua nyeupe yenyewe, isiyochanganywa na chochote. Nassibu akapaka mkono wa kwanza, wa pili, akaongeza wa tatu kwa hiari yake. Kesho yake mama akaja, akaweka pua ukutani.

"Fifi."

"Mama, hii ndiyo nyeupe ya mwisho. Hakuna nyingine duniani."

"Dunia gani? Ya hapo dukani?"

Nikarudi dukani. Nikarudisha kopo langu la pichi, ambalo lilikuwa halijafunguliwa, nikabadilishiwa nyeupe ya bei kali, na moyo uliniuma kweli. Nassibu akatia humo bluu kidogo, tone kwa tone, kama watu wanavyotia kwenye maji ya kusuuza mashati ya shule. Chumba kikawa cheupe hadi ukiingia unakunja uso. Nikasema sasa hata malaika angevua viatu mlangoni. Mama akaja, akatazama ukuta mmoja baada ya mwingine, nami nikaanza kutabasamu.

"Mnanidanganya kwa sababu mimi ni mtu wa shamba," akasema. "Hii ni fifi kuliko ya jana." Akachukua kikapu chake akarudi Ngokolo.

Nililia, si uongo. Nilikaa kwenye ndoo ya rangi nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimefunga saluni, wateja wangu wanakwenda kwa jirani, nyumba nzima inanuka, pichi yangu imekwenda, na sasa nilikuwa na hakika kabisa ya jambo moja: mama haogopi rangi wala bati la mkwe, anaogopa kisu. Anatafuta sababu. Kila nyeupe nitakayomletea ataiita fifi hadi Jumatatu ipite, kisha atapanda gari kurudi Samuye na kupofuka kwa raha zake. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia Nassibu. Yeye akasema taratibu, "Tumvumilie, Mama Masele. Ni mzazi."

Jumamosi Ignas akaja mapumziko, akakuta mambo yamefikia hapo. Mama naye alikuwa amekuja, amekaa uani kwenye kigoda. Ignas akakohoa, akaingia sebuleni, akakaa. Kati yao palikuwa na dirisha lililo wazi na mimi.

"Muulize mama," Ignas akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "hii nyeupe ina kasoro gani?"

"Mama, Ignas anauliza ina kasoro gani."

"Nimemsikia. Mwambie ina umanjano."

"Anasema ina..."

"Nimesikia. Mwambie mimi siuoni huo umanjano."

"Mwambie mkwe hajawahi kuchambua pamba."

"Mwambie ni kweli, lakini..."

"Mimi simwambii mtu!" nikapiga kelele. "Nyote mna masikio! Ongeeni na ukuta, ukuta ndio mnaougombania!"

Nikasikia mama akisema peke yake kwamba nimerithi hasira za ukoo wa baba.

Nassibu ndiye aliyesema neno la maana. Akachuchumaa mbele ya mama. "Mama, mwenye macho haambiwi tazama. Basi nionyeshe wewe. Nipe kitu chochote chenye weupe unaoutaka, nami nitautafuta huo huo."

Mama akaonekana kufurahi kwamba hatimaye kuna mtu mwenye akili. Akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa kimfuko cha kitambaa, akakifungua. Ndani mlikuwa na donge la pamba. Alisema ni ya msimu huu, ameichuma mwenyewe na kuichagua mwenyewe kwa vidole, anaiweka kwa ajili ya utambi wa taa ya kanisani. "Nataka hivi," akasema. "Hivi, si zaidi."

Nassibu akaipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo chumbani, nasi nyuma yake. Akaibandika ukutani na kuishikilia kwa vidole. Pamba ilikuwa nzuri, nyeupe, haina hata jani. Na ukuta ulikuwa mweupe kuishinda. Hata Ignas alichungulia kwa mlango wa uani, akakumbuka, akakohoa, akarudi nyuma.

"Mama, njoo uone mwenyewe," nikasema, na nakiri sauti yangu haikuwa nzuri.

Mama akasogea. Akaichukua pamba, akaileta karibu na jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha akaenda nayo mlangoni penye jua. Akarudi uso umekaza.

"Hii si yangu. Generosa, umeibadilisha. Hii ni fifi."

"Mama! Imetoka kwenye kikapu chako sasa hivi! Hakuna mtu aliyeigusa ila Nassibu, na umemwona!"

Akaishika ile pamba kwa kidole gumba na cha shahada, akaivuta polepole, akaisikiliza kwa vidole kama alivyokuwa anafanya turubaini. Haina gamba, haina unyevu, haina ganda la mbegu. Akaivuta tena.

"Mkono unakubali," akasema. "Jicho ndilo linakataa."

Akamgeukia Nassibu. "Hiyo kofia yako, mwanangu, ni nyeupe?"

"Nyeupe, mama. Mke wangu kaifua jana."

"Mimi naiona fifi." Akatazama shuka mpya niliyotandika kitandani kwa ajili yake. "Na hii?"

"Nyeupe, mama," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imeshashuka.

Akakaa kitandani. Mara ya kwanza kukaa kwenye kile kitanda, na nilikuwa nimekisubiri kitendo hicho siku zote hizo, lakini sikufurahi. Akaiweka pamba mapajani.

"Basi pamba ya Eufrasia ilikuwa safi," akasema.

Eufrasia ni mke wa mdogo wangu, wanalima pamoja na mama. Msimu huu, kituoni kwenye mizani, mbele ya watu waliopanga foleni, mama alimwaga magunia ya Eufrasia na kuyatupa karibu yote upande wa fifi. Akamwita mvivu, anachuma na umande, anatia majani ili uzito uongezeke. Eufrasia alisema, "Mama, tazama vizuri, ni nyeupe." Hakuna aliyemsikiliza. Karani alikuwa na macho yake, waliokuwa kwenye foleni walikuwa na macho yao, lakini Mageni akishasema fifi ni nani wa kubisha? Ikapimwa kwa bei ya fifi. Eufrasia akafunga nguo zake akaenda kwa kaka zake Rwamgasa, wanakochimba dhahabu, na mdogo wangu akamfuata huko kumsihi, na hadi siku ile alikuwa hajarudi.

Hasira yangu yote ikaisha pale pale. Nilimwonea mama huruma. Nilikuwa nimezoea kumwona ameshinda, hata anapokosea. Sikujua nimguse au nimwache.

"Jumatatu saa ngapi?" akauliza.

"Asubuhi mapema, mama."

"Niletee maji ya kuoga uani. Nalala humu leo." Kisha akapandisha sauti kidogo, kuelekea kwenye kabati lililoziba mlango wa ndani. "Na mwambie mkwe asiniumizie kifua kwa kukohoa. Ameshakohoa vya kutosha."

"Nimesikia, mama!" Ignas akajibu kutoka sebuleni, kisha akajishika mdomo kwa kuwa amejibu moja kwa moja.

Jumatatu alikwenda. Akapasuliwa lile jicho la kushoto, la kulia akapangiwa safari nyingine ya madaktari. Kesho yake wakamfungua bandeji, nikamrudisha kwa bajaji, amevaa miwani nyeusi, ameketi wima kama hakimu. Akapita uani, akaingia kwake, akavua miwani, akageuka pole pole kutazama kuta zote nne.

"Nani alichagua rangi hii?" akauliza.

"Mama?"

"Mtu alale humu? Inachoma macho. Huu ni weupe wa wodini. Mngetia umanjano kidogo."

Nilitoka nje. Nilikwenda hadi kwenye kamba ya nguo, nikashika kamba kwa mikono miwili, nikahesabu pumzi zangu ili nisimtukane mzazi. Nassibu, aliyekuwa amekuja kumpa pole, alikaa chini akacheka hadi machozi yakamtoka, na mimi sikucheka. Sijacheka hadi leo.

Nilimtilia dawa kila siku kama nilivyoagizwa. Alikuwa mgonjwa msumbufu, kama nilivyotarajia. Aliona nywele zangu zina mba, akaona sufuria zangu zina masizi, akaona kijivu cha sebule kupitia dirishani na kukiita rangi ya majivu ya msibani. Ignas alipokuja mapumziko walisalimiana kwa kupitia kwangu, nami nikabeba salamu huku na huku bila kupiga kelele. Daktari alipomruhusu kusafiri, mama akaniambia nimpigie simu mdogo wangu aje kumchukua.

"Kwenda Samuye?"

"Rwamgasa."

"Mama, Rwamgasa ni mbali, na vumbi la huko unalijua. Mpigie Eufrasia simu, nikubonyezee nambari sasa hivi. Mwambie umekosea. Atakuelewa."

"Nilimtukana mbele za watu," akasema. "Nitamwomba msamaha kwenye simu, watasikia akina nani? Nitamfuata, nitarudi naye hadi kituoni, nitasema pale pale penye mizani."

"Na karani hatakuamini tena."

"Asiniamini. Afungue gunia langu kama anavyofungua ya wenzangu."

Nilimfungia chapati, nikamjazia chupa ya chai, na nikamuuliza swali nililokuwa naliogopa, maana nilijua safari zake: akishafika shambani hatoki. "Na jicho la kulia? Utarudi, au nianze tena kukubembeleza kama wakati ule?"

Mdogo wangu alikuwa ameshapakia kikapu kwenye bajaji. Mama akafunga mlango wa uani mwenyewe, akazungusha ufunguo mara mbili, akausukuma mlango kwa bega kuhakikisha. Nikanyoosha mkono anipe ufunguo.

Akaufunga kwenye pindo la khanga yake, akakaza fundo kwa meno.

"Umeona wapi mtu anasafiri," akasema, "anaacha ufunguo wa nyumba yake kwa jirani?"